Kura ya Funguo

Nyumba ile ilikuwa na vyumba kumi na viwili, na kila jambo la pamoja liliamuliwa kwa funguo. Ukikubali, unatupa ufunguo wa chumba chako kwenye beseni jekundu. Ukikataa, beseni la bluu. Kisha Mwenyekiti, mstaafu wa posta aliyejitwalia cheo hicho siku aliyonunua filimbi, anauinua ufunguo mmoja mmoja mbele ya kadamnasi. Kila ufunguo ulikuwa na kitambaa chake cha alama, hivyo hata mtoto wa chekechea angekuambia nani kasema nini.

Jumapili hiyo asubuhi swali lilikuwa moja: je, cherehani ya Fundi wa chumba namba nne inyamaze kila siku kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi, watu wapumzike?

Kwa Fundi, saa hizo mbili ndizo zilikuwa kazi yake yote, maana ndipo mwanawe wa miezi minane alipolala. Saa nyingine mtoto hakumwachia ashone hata pindo. Na sare arobaini za shule zilikuwa zinamngoja. Akichelewa, shule itatafuta fundi mwingine.

"Usiwe na wasiwasi, mdogo wangu," Muuguzi wa chumba namba mbili alikuwa amemnong'oneza bombani. "Mimi niko upande wako."

Funguo zikatupwa. Kwenye bluu zikalia tatu. Kwenye jekundu, tisa. Wa Muuguzi ulikuwa humo kwenye jekundu. Na chini yake, ukiwa na kitambaa cha maua alichokipinda Fundi kwa mkono wake mwenyewe, ulikuwamo ufunguo wa chumba namba nne.

Fundi akamgeukia mumewe. Mume akawa anachunguza kandambili zake kana kwamba kaletewa leo.

"Baba mtoto! Wewe ndiye umeninyamazisha?"

"Sasa ningefanyaje, mke wangu? Mzee alikuwa ananitazama. Halafu, kusema kweli, na mimi mchana huwa nasinzia kidogo."

"Uhuru ndio huo," akasema Mwenyekiti. "Hakuna aliyeshikwa mkono. Wengi wamesema."

"Wengi gani, mzee wangu? Chumba changu kina watu wazima wawili, kura moja, na imepigwa na mwenye usingizi!" Watu wakaangua kicheko, na kicheko hicho kikampandisha Fundi hasira zaidi. "Na hawa wengine wamekutazama wewe kwanza ndipo wakatupa. Hiyo si kura, hiyo ni shikamoo! Turudie. Kila mtu mzima na karatasi yake, aandike nyuma ya shuka asikoonekana."

"Tumezoea funguo."

"Mmezoea nyie. Mimi nimechoka."

Mwenyekiti akatabasamu. "Sawa. Ukitaka utaratibu mpya, nao tuupigie kura. Kwa funguo."

Fundi alitamani kupiga kelele. Lakini mke wa fundi bomba, mama mnene asiyependa maneno mengi, alikwisha kuinama kwenye beseni na kuuchukua ufunguo wa chumba chake.

"Mama, huo nipe mimi," mumewe akasema.

"Miaka kumi na moja umetupa wewe. Mkono haujachoka? Leo natupa mimi."

Wake wengine nao wakainama. Mume wa Fundi akampa mkewe ufunguo bila kuombwa. Safari hii jekundu likapata saba, bluu tano. Karatasi zikapita.

Fundi akakata vipande ishirini na kimoja kutoka karatasi zake za kupimia nguo, shuka ikatundikwa mlangoni, watu wakaingia mmoja mmoja. Iendelee: kumi na mbili. Inyamaze: tisa. Fundi akampigapiga mtoto aliyembeba mgongoni kwa furaha. Kisha akamtazama Muuguzi, na Muuguzi akamchekea. Kaandika nini yule? Fundi hatajua kamwe, na yeye mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo!

"Basi na mimi nina jambo," akasema Mlinzi wa chumba namba tano, aliyetenganishwa na Fundi na ukuta mmoja tu. "Mwaka jana tarumbeta langu mlilipiga marufuku kwa funguo. Naomba lirudiwe kwa karatasi. Nalipiga saa nane hadi saa tisa mchana, kabla sijaingia zamu."

"Saa nane?" Fundi akauliza kwa sauti nyembamba. Mgongoni mtoto alikuwa ndiyo kwanza anafumba macho.

"Saa nane, dada."

Akakata vipande vingine ishirini na kimoja, mkasi ukilalamika. Zamu yake ilipofika alisimama nyuma ya shuka na penseli mkononi muda mrefu, hadi mtu akakohoa. Mchana una saa ngapi, hata huyu achague hiyo hiyo? Angeandika hapana tu, nani angejua?

Akaandika: *Lipigwe.* Alikandamiza penseli kwa hasira hadi karatasi ikatoboka.