Mwanafunzi wa Mlangoni

Nyumbani walimwita Kitinda, kwa sababu ndiye aliyefunga tumbo la mama yao. Jina likamganda. Hata hotelini, katika chumba cha kufulia alikofanya kibarua, walimwita hivyo hivyo, naye hakuona haja ya kuwasahihisha.

Kibarua kilianza alfajiri. Chumba chenyewe kilikuwa chini kabisa ya jengo, hakina hata dirisha, na joto lake lilimkumbatia mtu kabla hajavuka kizingiti. Mashine za kufulia zilinguruma upande mmoja, za kukaushia upande wa pili, na katikati palikuwa na meza ndefu ya kukunjia mashuka. Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Kitinda alishika ncha mbili, mwenzake akashika mbili, wakavuta, wakakung'uta, wakasogeleana mpaka vidole vikagusana, wakaachana. Mwenzake huyo alikuwa mama mtu mzima aliyejulikana kama Bibi Povu, aliyeanza kufua pale kabla meneja wa sasa hajaota ndevu.

"Mjukuu wangu, leo umekuja na macho ya nani?" Bibi Povu alimuuliza asubuhi moja. "Maana haya hayafunguki."

"Yangu nimeyaacha kwenye vitabu, bibi."

"Basi shika ncha vizuri, usije ukajikunja humo ndani nikakupeleka kwa wageni."

Zamu ikiisha alivua aproni, akanawa uso, akakimbilia chuo kikuu, alikokuwa mwaka wa tatu akisomea uhandisi wa maji. Wifi yake hakuchoka kumtania. "Kazini maji, darasani maji! Wifi, iko siku utaamka umeota magamba."

Kitinda aliishi kwa kaka yake mkubwa, mume wa huyo wifi. Kaka alikuwa karani, mtu wa shati lililonyooka na maneno ya kupima, na ndiye aliyemlipia ada. Kazi ya kufua hakuipenda tangu siku ya kwanza.

"Watu watasema nimeshindwa kumsomesha dada yangu," alisema, "mpaka anafua mashuka waliyolalia watu tusiowajua. Na wahenga walishasema, mshika mawili moja humponyoka."

"Aliyesema hivyo, kaka, bila shaka alikuwa na mkono mmoja."

Wifi akajifanya anakohoa.

Ukweli ni kwamba Kitinda hakutaka kuwa kupe mgongoni mwa mtu. Watoto wa kaka walikuwa wanakua, kila baada ya muda mfupi viatu vinawabana. Halafu kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu: alipenda kusimama dukani akanunua kalamu yake na sabuni yake bila kumpigia mtu magoti. Raha hiyo ilikuwa yake peke yake.

Basi siku moja, katika kipindi cha mwendo wa maji kwenye mabomba, usingizi ukamshinda. Ukumbi ulijaa, feni za darini zilikuwa zimekufa siku nyingi, na sauti ya mwalimu wao, ambaye wote walimwita Daktari, ilikuwa nzito na ya taratibu. Kitinda alijifinya paja. Akajifinya tena. Mara ya tatu hakufika.

Daktari alinyamaza. Darasa zima likanyamaza. Ukasikika mkoromo.

"Dada!" Daktari alipaza sauti. "Hapa si nyumba ya wageni."

Kitinda aliinuka na alama ya wino shavuni. "Samahani, Daktari. Nimetoka kazini."

"Kazini! Wewe ni mwanafunzi au mfanyakazi? Chagua moja."

"Nimeshachagua, Daktari. Nimechagua yote mawili."

Kicheko kikalipuka ukumbini, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichomchoma Daktari kuliko mkoromo wenyewe. Alionyesha mlango kwa kipande cha chaki. "Toka. Na hutaingia kwenye kipindi changu mpaka usimame hapa mbele, uombe radhi, na useme hiyo kazi umeiacha."

Habari mbaya haiombi nauli. Jioni kaka alikuwa ameshaipata, na hakuonekana kusikitika hata kidogo.

"Afadhali," alisema. "Sikio lililokataa kunisikia mimi litamsikia Daktari. Kesho unaaga huko hotelini, keshokutwa unaomba radhi, yameisha."

Kitinda alimtazama, akaondoka kwenda jikoni. Huko alimkuta wifi akiosha vyombo. Safari hii wifi hakuwa na utani.

"Mimi nilikuwa fundi cherehani, unajua?" alisema, mikono bado kwenye maji. "Nilikuwa na wateja wangu. Nilipoolewa kaka yako akaniambia, kwa wema kabisa, mke wangu hiyo cherehani sasa ipumzike. Basi imepumzika chini ya kitanda mpaka leo. Mimi ndiye sijapumzika." Akakung'uta sahani. "Usinijibu. Nimekwambia tu."

Usiku huo Kitinda alilala fofofo, kwa sababu alikuwa ameshaamua.

Kipindi kilichofuata alikwenda moja kwa moja mbele ya darasa. Daktari alikunja mikono, akasubiri. Wanafunzi wakanyoosha shingo.

"Siku ile nilisinzia kwenye kipindi," Kitinda alisema. "Hilo ni kosa. Naomba radhi kwa Daktari na kwa wenzangu, hasa waliokaa karibu na mkoromo."

Watu wakacheka. Daktari hakucheka. "Na kazi?"

"Kazi siiombei radhi. Sikumwibia mtu, sikumtukana mtu. Nafua, nakunja, halafu nakuja kusoma."

"Basi mlango unaujua."

"Naujua, Daktari."

Akatoka. Lakini hakwenda mbali. Aliketi sakafuni kwenye korido, pembeni tu ya mlango, akafungua daftari magotini na kuanza kuandika.

Daktari aliufunga mlango. Haikuchukua muda, ukumbi ukawa tanuri, na kijana mmoja mnene wa safu ya mbele, ambaye hata hakuwahi kusemezana na Kitinda, akainuka akiwa anatiririka jasho, akaufungua. Daktari akaufunga. Kijana akaufungua tena. "Daktari, nifukuze na mimi," alisema, "lakini nje kuna hewa." Tangu hapo mlango ulibaki wazi.

Wiki zikaenda. Mfagiaji wa korido alimzoea, akawa anapitisha ufagio na kumwambia, "Inua miguu, injinia." Wapita njia walimkodolea macho. Siku za kwanza uso ulimwaka kwa aibu, hata akatamani sakafu ipasuke immeze, lakini kesho yake alirudi pale pale. Na usingizi ulikoma, maana saruji baridi si mto.

Asipoelewa, aliinua mkono ukaonekana mlangoni. Daktari aliupuuza. Ndipo mtu mmoja ndani akasema, "Daktari, kuna swali nje." Mwingine akarudia, "Kuna swali nje, Daktari." Mwisho Daktari akaugeukia ubao, akalijibu swali huku ameupa mlango mgongo, utadhani ni ubao uliouliza. Jibu lilikuwa zuri. Kitinda akaliandika lote.

Wala hakukaa akilaumu watu tu. Alimwendea msimamizi wa chumba cha kufulia kuomba zamu zake za katikati ya wiki zihamishiwe Jumamosi na Jumapili. Msimamizi akakataa. Akaomba tena, akakataliwa tena. Alipoomba kwa mara nyingine, Bibi Povu aliingilia kati: "Bwana mkubwa, mpe huyu mtoto anachotaka, la sivyo ataketi mlangoni kwako pia. Ndiyo tabia yake." Msimamizi akampa, nusu kwa huruma na nusu kwa uchovu. Mwishoni mwa wiki Kitinda alikunja mashuka akijisomea kanuni kwa sauti, na Bibi Povu akisema, "Endelea, endelea, hata mashuka yatafaulu."

Mitihani ilipokaribia, yakabandikwa majina ya watakaoruhusiwa kufanya somo la Daktari. La Kitinda halikuwemo. Asiyehudhuria vipindi hafanyi mtihani, ndiyo sheria, na Daktari alikuwa akimhesabu kuwa hayupo.

Kitinda hakulia. Alipanda ngazi mpaka ofisi ya mkuu wa kitivo, mama mwenye miwani aliyoipandisha kichwani, akamweleza yote bila kuficha, mkoromo nao ukiwemo. Mama yule alimsikiliza, akaagiza Daktari aitwe.

"Huyu binti alihudhuria vipindi vyako?"

"Nilimfukuza."

"Sikuuliza hilo, Daktari."

Daktari aliangalia dirishani. Ingetosha mtu huyo aseme neno moja, la, na mwaka mzima ungekwenda na maji.

"Mimi ni mkali," Daktari alisema hatimaye, "lakini si mwongo. Alikuwepo kila kipindi. Mlangoni. Na amenisumbua kwa maswali kuliko wengi waliokaa kwenye viti."

"Basi atafanya mtihani," mama akasema, akaishusha miwani kuendelea na kazi zake.

Nje ya ofisi Daktari alisimama. "Usidhani nimebadili mawazo. Bado naona unajiumiza."

"Huenda. Na mimi sijabadili yangu, Daktari. Lakini ahsante kwa kusema kweli."

Mtihani wa mabomba aliushinda, si kwa kishindo, ila aliushinda. Somo la hesabu lilimwangusha, akalazimika kulirudia likizo ile ile, mchana yuko kwenye mvuke wa pasi kubwa, jioni yuko kwenye kanuni. Alikonda. Siku moja alimfokea wifi bila sababu, akaomba radhi, wakalia wote wawili kisha wakacheka. Alipolirudia somo, alifaulu.

Jumapili moja baada ya hapo, Kitinda akiwa ametoka kazini na miguu inamwaka moto, alifika mgeni wa kaka, karani mwenzake wa zamani waliyepoteana naye kwa miaka. Kitinda alimwamkia, akaingia jikoni kuandaa chai. Kule sebuleni mgeni akauliza, "Na huyu mdogo wako, siku hizi anafanya nini?"

Kaka alisafisha koo. "Anasoma. Chuo kikuu. Uhandisi." Akaishia hapo, kama mtu aliyefika mwisho wa barabara.

"Na ninafua!" Kitinda alipaza sauti kutoka jikoni. "Hotelini, mashuka na taulo! Mwambie yote, kaka!"

Mgeni akaangua kicheko kikubwa cha furaha, na wifi, aliyekuwa ameshika birika, akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye sinia. Kaka hakucheka. Ila Kitinda alipoingia na vikombe, kaka alisogea kidogo kwenye kochi, akampisha nafasi ya kukaa.