Sauti ya Pili

Tusekile alikuwa akipita sehemu ya kuoshea magari pale Soweto, Mbeya, mkono mmoja umeshika mfuko wa mbegu na mwingine simu, akimgombeza msambazaji wa mbolea, aliposikia binti yake akiimba.

Hakuwa mtu wa mizimu. Alisomea stashahada ya kilimo, akafungua duka la pembejeo, na mtu akimwambia shamba lake limerogwa, yeye humuuliza kwanza mara ya mwisho alitia mbolea lini. Jackline alikuwa amekufa. Tusekile ndiye aliyemwosha, na alimwona akishushwa kaburini. Sasa huyohuyo alikuwa akiimba kwenye spika, kati ya povu na matairi.

Akamkatia simu mtu wa mbolea bila kuaga.

"Zima hiyo!"

Yotamu, kijana aliyeshika mpira wa maji, akageuka. "Mama, huu wimbo umependwa mji mzima. Subiri ufike kule mbele, utalia."

"Nimesema zima. Umeutoa wapi?"

"Nimerushiwa tu na mshkaji. Naye karushiwa."

Hakusubiri ufike kule mbele. Hakuwa na haja. Alijua unapoishia, kwa sababu alikuwepo. Jackline aliurekodi kwa simu akiwa kitandani hospitali, pumzi zikamkatikia katikati ya ubeti wa mwisho. "Mama, haujaisha huu," alisema. "Usimpe mtu mpaka niumalizie." Hakuumalizia. Tusekile aliahidi, na ahadi hiyo ndiyo kitu pekee alichobaki kumfanyia mwanawe.

Ndiyo maana baada ya mazishi alimpa wimbo ule Sifaeli aufungie, kijana wa Iringa aliyekuwa ameshaleta barua ya kumposa Jackline. Sifaeli na wenzake walitengeneza programu ya kompyuta iliyokuwa kufuli la nyimbo za kwaya: wimbo ukiununua, unapiga kwenye simu yako tu. Aliufungia humo wimbo wa Jackline, nakala nyingine zote akazifuta. Ufunguo wa akiba alibaki nao yeye, lakini wimbo ulipigwa kwenye simu ya Tusekile peke yake, kila jioni akipika.

Kesho yake akapanda basi la asubuhi kwenda Iringa. Sifaeli alimpokea chumbani kwake Kihesa, akamvutia kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kufuli lako limevunjwa."

"Nimeusikia mwanzo tu, mama. Umefika mpaka huku. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

"Wewe si ndiye uliyeniambia msimbo wa programu yenu mmeuweka wazi mtandaoni, kila mtu ausome? Umebandika mchoro wa kitasa barabarani, halafu unashangaa mwizi kaingia."

"Mchoro si ufunguo. Kufuli la duka lako, mafundi wote wa Mbeya wanajua limetengenezwaje, na bado huibiwi. Yale yanayofichwa yanavunjwa vilevile, tofauti ni kwamba mwenye mali anachelewa kujua."

"Sawa. Lakini duka langu simpi mteja ufunguo. Wewe unampa."

"Asipokuwa nao hasikii kitu."

"Na huyohuyo anaweza kusoma msimbo wako, akafuta mstari unaosema usinakili."

Sifaeli akakuna kichwa. "Anaweza. Hilo tumebishana wenyewe tangu tuanze. Linamzuia mvivu, mama. Aliyeamua halimzuii."

"Kwa hiyo unampa mtu ndizi, unamwambia amenye, halafu unamkataza asionje." Tusekile akaweka simu yake mezani. "Futa ufunguo. Wa kwangu na wa kwako."

"Ngoja kwanza nisikilize hiyo nakala mpaka mwisho, tujue imetokea wapi."

"Futa kwanza."

"Nikiufuta, hata mimi siwezi kuufungua tena. Wala wewe. Jackline hatakuwepo."

"Jackline hayupo! Nilimwahidi. Siwezi kukaa na mlango uliovunjwa nikiuita mlango. Futa, Sifa."

Akafuta. Kompyuta ilimuuliza kama ana uhakika, naye akamtazama Tusekile kabla ya kujibu. Kisha, macho yamemwiva, akaifungua ile nakala ya mitaani iliyomfikia.

Mvua juu ya bati. Mwiko ukigonga sufuria. Halafu Jackline, kwa mbali, kama anayeimba chumba cha pili. Akafika kwenye ubeti wa mwisho, pumzi zikakatika. Tusekile akanyoosha mkono kuzima, lakini wimbo haukukoma.

Mwanamke mwingine aliudaka palepale. Sauti nzito, imekwaruza kidogo, ya mtu aliyezoea kuimba sauti ya pili kwenye kwaya. Akaupeleka mpaka mwisho bila kusita, kana kwamba maneno yale aliandikiwa.

"Nani huyo?" Tusekile akauliza. "Nani kamwingilia mwanangu?"

Sifaeli akamgeukia. "Mama. Ni wewe."

"Mimi siimbi. Tangu msiba sijaimba hata kanisani."

Sifaeli akaurudisha nyuma, akaupiga tena. Ule mwiko ulikuwa wake. Ile namna ya kukokota mwisho wa neno ilikuwa yake, ya marehemu mama yake pia.

"Kufuli halijaguswa," Sifaeli alisema polepole. "Mtu alikuwa karibu na dirisha lako na simu yake, akarekodi. Tungeuficha msimbo, tungeuacha wazi, ni yaleyale. Wimbo lazima upite hewani ndiyo usikike." Akafuta uso kwa kiganja. "Nikurushie hii?"

"Sitaki. Ya wizi sitaki."

Alirudi Mbeya siku hiyohiyo. Uani alimkuta mpangaji wake, Yudith, akianua nguo.

"Ulirekodi wimbo jikoni kwangu?"

Yudith akaikumbatia shuka. "Nilimtumia mdogo wangu anayekaa Madibira, amefiwa na mtoto. Sikujua atausambaza. Mama, ulikuwa unaimba kwa sauti, nikadhani unaimba ili tusikie."

"Nilikuwa naimba mpaka mwisho?"

"Kila jioni. Siku nyingine ulikuwa unamwambia Jackline arudie pale mwanzo, hujaridhika naye. Tukawa tunanyamaza."

Tusekile akaingia ndani. Akabandika maharage, akawasha simu kwa mazoea. Ikamwandikia kwamba ufunguo haupo. Akakoroga. Jiko lilikuwa kimya, na katika kimya kile alijisikia kinywa kikifunguka chenyewe, kikingoja zamu yake. Hakuna aliyemwanzishia.

Akajaribu kuukumbuka mwanzo. Maneno aliyapata. Sauti ya Jackline hakuipata.

Akaepua sufuria, akavuka ua, akagonga.

"Yudith. Nirushie."

"Mama Jackline, hutanisema?"

"Rusha, mwanangu, usinichoshe."

Ukaingia. Huko ulikopita watu walikuwa wameshaupa jina: *Mama na Mwanawe*. Akarudi jikoni, akafunga dirisha, akakaa kwenye kigoda. Jackline alipofika pumzi zilipomkatikia, Tusekile aliuma midomo kwa nguvu ili safari hii amwache binti yake anyamaze kama alivyonyamaza.

Yule mwanamke ndani ya simu akaimba.