Gitaa Lililosikika Lodwar

Jumamosi alasiri, jua likiwa bado limekalia mabati ya ukumbi wa kanisa, Sylviane alipangusa vumbi kwenye amplifaya yake kwa pindo la kitenge, akachomeka waya, akapiga nyuzi zote za gitaa lake kwa mkupuo. Hakuna aliyegeuka. Elie, kiongozi wa Bendi ya Tarach, alikuwa amezama kwenye kibodi. Esekon alitwanga ngoma kama mtu anayefukuza fisi zizini. Onésphore alikuwa na gitaa la besi, na kila alipogusa uzi viti vya plastiki vilisogea vyenyewe. Sylviane akapiga tena. Aliviona vidole vyake vikienda, lakini sauti yake hakuisikia.

"Mama Sylviane, umeanza?" Elie akapaza sauti.

"Nimeanza zamani, Papa Elie!"

"Ongeza basi!"

Akaongeza. Onésphore, kwa vile hakujisikia tena, naye akaongeza. Elie akaongeza ili asipitwe na Onésphore. Esekon hakuwa na kitu cha kuongeza, kwa hiyo akapiga kwa mabega. Wimbo ulipokwisha masikio ya wote yalikuwa yanavuma kama mzinga wa nyuki, na gitaa lilikuwa bado halijasikika.

Mazoezi yalikuwa hivyo tangu Sylviane ajiunge na bendi. Alikuwa fundi cherehani katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mwenyeji wa Uvira, Kongo, na gitaa alifundishwa na mjomba wake aliyeongoza kwaya. Majirani waliomsikia akipiga peke yake mlangoni kwake walijua kwamba vidole vyake vina akili. Lakini ndani ya bendi alikuwa chumvi iliyomwagwa ziwani.

Siku hiyo Elie alimvuta kando. Bendi ilikuwa imealikwa Lodwar, zaidi ya kilomita mia moja kutoka pale, kwenye tamasha la utamaduni, mbele ya wakubwa.

"Mi sina ubaya na wewe, mama," alisema. "Lakini kibodi yangu iko na kitufe ya gitaa. Nabonyeza na kidole moja, gitaa inalia. Kama yako haisikiki, tutaenda na kitufe."

Sylviane alifungua kinywa kujibu, na simu ya Esekon ikalia. Alikuwa Rispa, dada yake Esekon, mwenye saluni Lodwar.

"Ejok, Esekon," Rispa alimsalimia kwa Kiturkana. "Nani huyo anapiga gitaa kwa paa ya saluni yangu?"

"Gitaa gani?"

"Imeanza nikiosha mtu nywele. Sasa hivi ndiyo imenyamaza."

Esekon akawaomba wenzake warudie wimbo. Alipiga ngoma akiwa ameibana simu kati ya bega na sikio, na kabla ya ubeti wa pili akaanza kutikisa kichwa. Aliinua kijiti kimoja, akamwelekezea Sylviane.

"Ni yeye," alisema. "Iko Lodwar."

"Kumbe," alisema Onésphore. "Ndiyo maana hapa hatuipati."

Elie alieleza kwamba jambo lenyewe halikuwa geni. Sauti ikikosa mahali pa kukaa, inahama. Hata watu ndivyo wafanyavyo, na pale Kakuma hakuna aliyehitaji kufundishwa hilo.

Esekon aliiweka simu kwenye spika, maana Rispa, kwa upande wake, alikuwa na malalamiko. "Inanguruma kama lori ya maji! Mabati inatetemeka, mteja wangu karibu achomwe na pasi ya nywele. Ambia huyo mtu apunguze."

Sylviane akapunguza besi ya amplifaya.

"Sasa inakwaruza kama paka ndani ya sufuria."

Akapunguza ule mkwaruzo aliokuwa akiupenda, uliolifanya gitaa likohoe kama moto wa kuni mbichi. Ikabaki sauti ya katikati, kati ya nzito na nyembamba. Hiyo alikuwa ameishusha tangu siku aliyoinunua amplifaya, kwa sababu alipopiga peke yake nyumbani ilimwuma sikio, ikawa kama mtu anayesemea puani. Aliipandisha kidogo. Rispa akanyamaza. Aliipandisha tena, na simu ikapasuka kwa vigelegele.

"Hapo! Hapo hapo! Usiguse!"

Kule saluni, wanawake wenye nywele zilizosukwa upande mmoja walikuwa wameinuka vitini na kuanza kurukaruka. Sylviane alisikia miguu yao ikitwanga sakafu ya Lodwar, na moyo wake ukaruka nao.

Wiki hiyo kila walipofanya mazoezi, watu wa Lodwar walibeba vigoda na kwenda kuketi nje ya saluni. Wengine walisukwa nywele ambazo hazikuhitaji kusukwa. Rispa aliajiri msaidizi. Sylviane alifurahi, tena sana, lakini furaha yake ilikuwa na kidonda. Alitaka kusikika pale aliposimama. Akiwa kwenye cherehani alifikiri: kama sauti ilihama kwa kukosa mahali pa kukaa, basi itafutiwe mahali.

Kwenye mazoezi yaliyofuata alikuja na makreti ya soda. Aliitoa amplifaya sakafuni, ambako siku zote ilikuwa ikiimbia visigino vyake, akaipandisha juu ya makreti na kuilaza nyuma kidogo hadi uso wake ukatazama masikio ya watu. Alimwomba Esekon ayahurumie matoazi. Alimwomba Onésphore asipige kila pigo, aache upenyo. Kisha akamwendea Elie.

"Papa Elie, ule mkono wa kushoto."

"Mkono huu nimezaliwa nao."

"Unakaa juu ya Onésphore, na wa kuume unakaa juu yangu. Wa kushoto weka mfukoni. Wa kuume upande juu, uniachie katikati."

Esekon alicheka hadi kijiti kikamponyoka. Elie alinuna, lakini aliuweka mkono mfukoni.

Wakaanza. Besi ikatembea chini, ngoma zikafuata nyayo zake, kibodi ikapanda juu kama ndege, na katikati pakawa na uwazi, mweupe na mpana. Sylviane akagusa uzi mwembamba. Gitaa likaketi. Halikupiga kelele, halikusukuma mtu, liliketi tu kama mgeni aliyetandikiwa mkeka, na kila noti ikatoka na uso wake na jina lake. Onésphore akageuka. Esekon akapiga ukelele. Elie akautoa mkono mfukoni, si kwa kupiga, bali kufuta macho, akakitazama kile kitufe cha gitaa kwenye kibodi yake kana kwamba alikuwa ameona mdudu.

"Kile kitufe mi sikibonyezi tena," alisema.

Simu ikalia. "Mmepeleka wapi gitaa yangu?" Rispa akafoka. "Watu wamelipia viti!"

Ikabaki ruhusa. Esekon alizaliwa Kakuma, ng'ambo ya laga, ule mto mkavu, naye angekwenda Lodwar apendavyo. Wakimbizi walitakiwa kupewa ruhusa ndipo watoke kambini. Ya Elie ilitoka, na ya Onésphore pia. Sylviane alipofika kwenye dirisha la ofisi ya ruhusa, karani Kamande alitafuta, akatafuta tena, akatikisa kichwa.

"Yako haijatoka."

"Kwa sababu gani?"

"Haijatoka tu, mama. Rudi wiki ijayo."

"Tamasha ni kesho."

Kamande alikubali kwamba ndiyo, ni kesho. Alisema kwa upole. Hakuna aliyejua nani alikuwa amekataa, na yeye pia hakujua.

Jioni bendi ilikutana ukumbini. Kisha Esekon akasema lililokuwa kichwani mwa wote: gitaa lenyewe halihitaji ruhusa. Lilikwisha kwenda Lodwar mara nyingi, na njia linaijua. Shida ni kwamba sasa lilikuwa na mahali pa kukaa. Sylviane alijaribu kulipiga peke yake, na sauti ikatulia ukumbini, tamu, haina haraka ya kwenda kokote.

"Basi nifunikwe," alisema Sylviane. "Mtu aje anifunike."

Akaenda kwa Mathilde, kiongozi wa kwaya ya akina mama. Mathilde alisikiliza hadi mwisho, akauliza kitu kimoja tu: "Kwa nguvu kiasi gani?"

Siku ya tamasha, ukumbi wa kanisa pale Kakuma ulifurika kabla jua halijaanza kushuka. Kwaya ilikuja nzima. Warundi walikuja na ngoma zao vichwani. Atem, kijana kutoka Sudan Kusini, alileta baragumu na binamu zake wote. Mwenye duka Msomali alileta jenereta, akasema haina kazi nyingine siku hiyo. Waliokosa chombo walileta sufuria na miiko. Sylviane aliibana simu sikioni, akaifunga kwa kilemba. Upande wa pili Esekon alikuwa ameiweka simu yake kando ya ngoma, kwenye jukwaa la Lodwar, na jukwaani hapo walikuwa wameacha nafasi ya mtu mmoja.

"Moja, mbili!" ilisema simu.

"Nifunikeni!" Sylviane akapiga kelele.

Wakamfunika. Kelele ile ilishuka juu yake kama gharika. Ngoma zilimpiga kifuani, baragumu zikalia, sufuria zikagongana, jenereta ikanguruma, na Mathilde akaimba akiwa ameinamia amplifaya yenyewe. Sylviane alipiga uzi na hakusikia kitu. Akapiga tena, akatabasamu, maana kwenye sikio lililofungwa, kwa mbali, mtu alikuwa akipiga gitaa vizuri mno.

Lilikuwa limetua kwenye ile nafasi ya jukwaani. Besi chini, kibodi juu, na katikati yeye. Alisikia umati wa Lodwar ukishusha pumzi, kisha ukilipuka. Alisikia bangili na miguu, watu wakiruka kwa pamoja kama wachezavyo Waturkana, na juu ya wote Rispa akipiga kelele, "Ni yeye! Ni yule wa paa yangu!" Sylviane alifumba macho, akapandisha vidole juu kabisa ya shingo ya gitaa, akamwaga kila alichofundishwa na mjomba na kila alichojifundisha mwenyewe. Ukumbini watu hawakuisikia hata noti moja. Walivitazama vidole vyake, wakacheza kwa kuvifuata, jasho likiwatiririka, wakifurahi kama walioshinda vita.

Bendi iliporudi, Elie alisimulia kila kitu mara mbili. Wakubwa walisimama. Mkubwa mmoja alishika maiki akasema muziki hauna mipaka, na akaagiza gitaa lile liletwe Lodwar kila mwezi.

"Na mwenye gitaa?" Sylviane akauliza.

"Nilimwuliza," alisema Esekon. "Akasema hiyo ni ofisi ingine."

Wiki iliyofuata Sylviane alirudi dirishani. Kamande alikuwa akipiga mluzi huku akipanga mihuri yake, na Sylviane akausikiliza kwa makini, kwani ulikuwa wimbo wake, ule wa jukwaani, karibu noti kwa noti.

"Bado haijatoka, mama," alisema Kamande, akaendelea na mluzi.

"Hapo mwisho unapanda," Sylviane alimwambia. "Hushuki."

Kamande akajaribu tena, akapanda, na ikamkaa sawasawa. Alimshukuru, kisha akamwita aliyefuata kwenye foleni.