Tuseme Hayupo

Mwirigi aliingia kanisani pale Githongo amevaa saa mpya, moja ya zile walimu walinunua mwaka wa sabini na saba kahawa ilipopata bei. Nyuma yake wanaume wawili walibeba ubao wa darasa la chekechea. Kathure alipouona ule ubao akajua leo ni siku ya mtu kujionyesha. Mhubiri huja na Biblia. Huyu, mume wa binti yake Lenah, mwalimu wa hesabu wa sekondari, alikuja na chaki.

Ilikuwa Jumapili yake ya kujaribiwa. Akipita, angepewa kibali cha kuhubiri, kitu alichokitamani kuliko hata kuwa mwalimu mkuu. Waamuzi walikuwa Mzee Bundi, Njuki wa kwaya, na Kathure kwa upande wa akina mama. Mama mkwe kumpima mkwe wake si jambo la kupendeza. Wawili hao kwa heshima hata hawaongei ana kwa ana. Lakini Bundi alisema mjane huyu hajui kupendelea mtu, na hapo alisema kweli.

Mwirigi hakusalimia watu. Aliandika kwa herufi kubwa, kisha akasoma, "Tuseme Mungu hayupo."

Mabenchi yakaanza kulia. Mzee Bundi akatafuta kofia yake. Cicily, aliyezika mtoto mwezi wa tatu, alikuwa benchi la mbele. Aliutazama ubao kama mtu aliyejibiwa swali lake, akainuka, akatoka polepole. Nusu ya watu wakamfuata, Bundi akiwemo, mmoja akinung'unika kwamba shetani naye siku hizi anapewa chaki.

"Ngojeni," Mwirigi akasema. "Huo ni mstari wa kwanza tu."

Hawakungoja. Naye hakuwafuata. Aligeukia ubao wake.

Lenah akamnong'onezea mama yake. "Ni njia ya hesabu, Mama. Unashika uongo kama ni kweli, unaufuata mpaka ujigonge wenyewe ukutani. Ukishajigonga, umejua ulikuwa uongo. Amefanya mazoezi jikoni wiki nzima."

"Na wewe ukamwachia."

Kathure alisikiliza mpaka mwisho. Mwirigi alisema kama Mungu hayupo, basi kila kitu kimetoka kwa kingine, na hicho kwa kingine, bila cha kwanza, kwa hivyo safari isingeanza na leo isingefika. Lakini leo imefika. Imefika na haijafika, mambo hayo mawili hayakai pamoja. Akapiga mstari juu ya maneno ya kwanza, akayafuta, akachora chini kiboksi kidogo, alama kwamba uthibitisho umekwisha, na kukitazama kwa mapenzi. Aliyesema amina ni Njuki peke yake.

Nje, kando ya ukuta, Bundi alikuwa ameshaamua. "Amemkana Mungu kanisani. Mimi ni hapana."

"Amemthibitisha," Njuki akasema. "Ungekuwa ndani ungesikia. Mimi ni ndiyo."

Wakamgeukia Kathure. Mwirigi alisimama hatua mbili tu kutoka hapo, akifuta vidole kwa kitambaa. Kathure akamwangalia Lenah.

"Muulize mume wako, wale waliotoka walitoka na mstari upi?"

"Nimesikia," Mwirigi akasema. "Mwambie walitoka na wa kwanza. Hilo ni kosa lao. Uthibitisho hauhukumiwi kabla haujaisha."

"Mwambie nakubali. Mtu akisema tuseme, unamngoja amalize. Hata Mzee Bundi hapa alishindwa kungoja, akakimbilia kofia."

Bundi akakohoa.

"Sasa mwambie kwamba Cicily ako nyumbani na ule mstari. Mume wako aliufuta ubaoni, kule haujafutwa. Aende akaumalize."

Mwirigi akacheka kidogo, akasahau heshima. "Lakini Mama, kwa Cicily hakuna ubao."

Kathure akazidi kumwangalia Lenah. "Mwambie kule watu hutumia mdomo. Akikata kushoto pale njia panda, mimi ni ndiyo."

Mwirigi akashuka. Kushoto njia ilipita katikati ya kahawa mpaka kwa Cicily. Kulia ilienda kwa Mwirigi mwenyewe, kwenye nyumba ya mabati mapya. Pale njia panda akasimama. Kathure aliona midomo yake ikicheza. Alikuwa anatafuta pa kuanzia, na mwanzo aliokuwa nao ni ule mmoja tu, na ni nani angeusema mbele ya mama yule bila ubao wa kugeukia? Aliangalia moshi wa jikoni kwa Cicily. Aliangalia saa yake, hiyo saa.

Akakata kulia.

"Mfuate," Kathure akamwambia Lenah. "Atataka chai."

Kisha akawageukia wazee. "Hapana. Na hicho kibao kirudishwe darasani, kesho watoto wanakihitaji."