Mashua ya Watu Kumi na Wanne

Dorca alilikata jina la Benta kwa rula. Angeweza kulifuta kwa kalamu tu, kama alivyofuta makosa mengine, lakini mkono wake ulitaka kazi hii iwe safi. Lilikuwa jina la kwanza kabisa, chini ya maneno aliyoyaandika kwa fahari wiki mbili kabla: Safari ya Akina Mama, Kisiwa cha Ndere, Agosti 1992.

Aibu ni kwamba safari yenyewe ilikuwa wazo la Benta. Alizaliwa Seme, ng'ambo ya kisiwa hicho, ndiyo maana wenzake walimwita Nyaseme. Utoto wake wote alikiona kila asubuhi akichota maji, akawasikia wazee wakisimulia kwamba mababu walipumzika pale walipofika ziwani, wala hakuwahi kukikanyaga. Serikali ilipokifanya hifadhi, akaanza kuwachokoza akina mama wa kanisa lao la Nyalenda: watu watoke Ulaya kuja kuwaona swala wetu, na sisi tufe hatujawaona? Walicheka, wakakubali, wakaunda kamati. Dorca akawa katibu.

Halafu, baada ya Pasaka, Ogola, mumewe Benta, akafariki. Shemeji yake alikuja kumrithi awe mkewe, na Benta akakataa katakata, tena mbele ya watu. Wengi waliamini kwamba mjane asiyerithiwa hubeba chola, mkosi wa kifo, wala haingii nyumbani mwa mtu mpaka mila itimizwe. Kanisani neno hilo lilikuwa mwiko. Dorca mwenyewe alisimama katika maombi ya Jumatano akatangaza kwamba damu ya Yesu ilikwisha kuyamaliza mambo hayo, akapigiwa makofi. Ni rahisi kuwa shujaa ukiwa umesimama nchi kavu.

"Kanisani tunakaa na yeye, sikatai," Awuor, mwenyekiti, alisema kwenye kikao cha mwisho. "Lakini mashua ni kitu ingine. Ikipinduka, watoto wetu tutawaambia nini?"

Akina mama wakatazama vidole vyao.

"Wewe ndio rafiki yake, Dorca," Awuor akaendelea. "Wewe ndio utajua kumwambia vizuri."

Neno moja la Dorca lingetosha pale, naye alilijua. Alilimeza. Alijiambia kwamba anaepusha mzozo, kwamba Benta hatakosa safari nyingine. Ukweli ni kwamba kwa kitambo kidogo naye aliiona mashua imepinduka, watu wakitapatapa majini, na akaogopa kama wenzake.

Alimkuta Benta nyumbani kwake, akishona kishikizo cha gauni. Kabla Dorca hajakaa, Benta alikuwa amekwisha kuanza.

"Nyamera, dada yangu, umewaambia wabebe maji ya kunywa? Na wasivae ndara. Kule kuna kenge, na nyasi ni ndefu."

"Nyaseme," Dorca alisema, "mashua tumepewa ni ndogo. Ni ya watu kumi na wanne."

Sindano ikasimama.

"Na mimi?"

"Ilibidi tukate wa mwisho."

Benta, aliyejiandikisha kabla ya watu wote, akamtazama. Dorca alisubiri aulize. Laiti angeuliza! Angelia, angemwambia yote, labda wangekwenda pamoja kwa Awuor jioni hiyohiyo. Lakini Benta aliukata uzi kwa meno, akalikunja gauni.

"Basi mtoke saa kumi na mbili asubuhi," alisema. "Mchana upepo unaamka, na mawimbi ya huko hayana adabu. Mkichelewa kurudi mtaumia."

Akamsindikiza mpaka njiani kama siku zote. Hakuna tusi ambalo lingemchoma Dorca zaidi ya kusindikizwa huko.

Safari ilikuwa njema. Swala walionekana, kiboko alionekana, picha zikapigwa. Walipotia nanga jioni, Awuor alimshukuru Mungu kwa kulituliza ziwa. Akina mama walipoitikia amina, Dorca alihisi jina la Benta limo ndani ya shukrani hiyo, kana kwamba ziwa lilitulia kwa sababu aliachwa.

Jumatatu alikwenda Kondele sokoni, Benta alikouza omena, dagaa wa ziwani. Alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi, lakini Benta alimpokea kwa maswali: walikula nini, swala wakoje kwa karibu, nani alitapika. Dorca alijibu moja baada ya jingine, na kila jibu liliyasukuma maneno yale nyuma.

"Na kwetu?" Benta aliuliza, akipepeta omena kwenye ungo wake. Sauti ilikuwa imeshuka. "Miaka yote mimi nilikuwa naangalia kisiwa. Nilitaka siku moja nisimame kule, niangalie kwetu. Kunaonekana?"

Dorca hakuwa amekumbuka hata kuitazama ng'ambo ile. Alitamani mno kumpa kitu, chochote.

"Kunaonekana vizuri sana," alisema. "Hata mabati ya nyumba ya mama yako yalikuwa yanang'aa."

Ungo ukatulia.

"Mama yangu alikufa kwa nyumba ya nyasi, Dorca," Benta alisema. "Na hiyo nyumba ilianguka, haikusimama tena."

Alisogea hadi mwisho wa benchi, akapangusa kwa kanga mahali alipotoka, akamwachia Dorca nafasi ya kukaa. Mteja mmoja alifika akauliza bei ya gorogoro, lile kopo la kupimia, akahudumiwa, akaenda zake. Dorca alikuwa bado amesimama.