Fundi Chapchap na Gauni Lililogoma Mabegani

Fundi Chapchap hakupewa jina hilo na adui. Alipewa na wateja wenyewe, tena kwa mapenzi, kwa sababu ukimpelekea kitambaa asubuhi, mchana unatembea ndani yake. Kinyozi wa mlango wa pili, ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kunyoa na ya pili kumsema fundi, aliapa kwamba siku moja mtu aliingia pale kujikinga mvua tu, na mvua ilipokatika akatoka suruali yake imepigwa pindo. Huo ni uongo. Lakini habari ya pazia ni ya kweli: fundi aliwahi kushona mkono wa shati lake pamoja na pazia la mteja, akainuka kumpokea mteja mwingine, akafika mlangoni kama bi harusi, mita tatu za maua mekundu zikimfuata nyuma.

Alikula amesimama. Alisalimia bila kuinua macho. Chai aliyoletewa na mkewe saa nne aliinywa saa saba, ikiwa na uzi mmoja au miwili ndani, na akiulizwa mbona hapumziki, alijibu, "Nitapumzika nikimaliza." Sasa fundi wa nguo anamaliza lini? Siku watu watakapoacha kuvaa?

Jumatano moja asubuhi mota ya cherehani yake ililia kama paka aliyekanyagwa mkia, ikatoa moshi, ikanyamaza. Fundi wa mota akaja, akainusa, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Nyaya za ndani zimeungua zote, bosi. Nazifunga upya moja moja. Labda Jumatatu."

"Jumatatu ya wiki hii?"

"Wiki hii Jumatatu ilishapita, bosi."

Akaondoka na mota kwapani. Fundi Chapchap akabaki ameshika kiuno, akiangalia kiti chake kama mgeni. Kitu kimoja kilimtuliza: gauni la binti yake alilimaliza jana yake, katikati ya suruali mbili za mtu wa benki. Binti huyo, ambaye baba alimwita "mama" kwa kuwa alirithi jina la bibi yake, alikuwa anamaliza sekondari. Mahafali yalikuwa Jumamosi. Kitambaa kilikuwa cha bluu chenye nukta nyeupe, mama mtu alikitafuta wiki nzima, na alipokipata kilikuwa kipande cha mwisho dukani.

Jioni binti akarudi kutoka shule, akaingia nyuma ya pazia kujaribu. Pazia likatikisika. Likaendelea kutikisika.

"Vipi, mama? Toka tukuone!"

Akatoka. Gauni lilikuwa limegoma mabegani. Zipu ilifika katikati ya mgongo ikakata tamaa. Pindo, ambalo lilitakiwa kushuka chini ya magoti, lilikuwa limekaa juu yake likichungulia. Binti alisimama mikono imemtoka mbali na mwili, kama nguo iliyoanikwa kwa kupitishiwa mti mikononi.

"Ni zuri, baba," akasema. "Asante."

Angelia, ingekuwa nafuu. Angefoka, ingekuwa nafuu zaidi. Ile asante ya upole, kama unayompa mtu baki aliyekukanyaga ndani ya basi akakupa pole, ilimchoma fundi kuliko sindano zote alizowahi kujichoma. Binti akavua gauni, akalikunja vizuri, akaenda ndani.

Fundi akafungua daftari la vipimo. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake, na binti yake alikuwa na ukurasa wa kwanza kabisa, wa heshima. Kifua, kiuno, mabega, urefu. Vyote vimeandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe. Juu yake, tarehe. Tarehe hiyo ilikuwa na miaka miwili na miezi minne.

Sare za binti zilitoka shuleni. Nguo nyingine alirithi kwa binamu yake. Mtaa mzima ulipimwa pale dukani, hata mbwa wa mwalimu aliwahi kushonewa kijikoti, ila katika miaka miwili hakuna aliyemwita mtoto wa fundi aje asimame mbele ya tepu. Na mtoto, bila kuomba ruhusa, alikuwa amekua.

"Nilikuambia umpime," mkewe akasema kutoka mlangoni. "Ukasema vipimo vipo."

"Vipo, mama watoto. Ni vya mtu mwingine."

Mkewe hakucheka. "Halafu kuna hili. Amesema Jumamosi usijisumbue kwenda. Amesema baba ana kazi."

Fundi akakaa chini. Alikaa muda mrefu kiasi kwamba kinyozi, aliyekuwa akipita kwenda nyumbani, akarudi hatua tatu kuhakikisha anachokiona.

"Fundi umekaa! Nani amekufa?"

Akaelezwa. Kinyozi akalitazama gauni, akalipima kwa macho, akapuliza pumzi.

"Mimi nikikosea namwambia mteja zitaota. Wewe, ndugu yangu, hapa kitu hakioti."

Ni kweli hakikuota. Na kwa kuwa fundi alikata mbiombio, hakuwa ameacha kitambaa cha akiba cha maana ndani ya mishono. Kitambaa kingine hakuna. Mota haipo. Jumamosi ipo.

Kesho yake, Alhamisi, alibandika karatasi mlangoni: MOTA INAUMWA, NJOONI WIKI IJAYO. Akaondoa redio na kopo la maua juu ya cherehani ya mkono ya shangazi yake, yule aliyemfundisha kazi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imetumika kama meza. Akaipangusa, akaitia mafuta. Kisha akachukua wembe akaanza kufumua gauni, mshono kwa mshono. Kufumua hakuna chapchap. Ukiharakisha, wembe unakula kitambaa, na kitambaa hakikuwa na cha kuliwa.

Saa nne mkewe akaleta chai. Fundi, kwa kuwa alikuwa ameketi na hakuna aliyemngoja, akaichukua akainywa palepale, akaruka.

"Inaunguza!"

"Chai, baba watoto? Huwa inaunguza," mkewe akasema. "Hukujua. Mmekutana leo."

Safari hii alicheka, na fundi akagundua kwamba hakumbuki lini mara ya mwisho aliusikia mcheko ule ukiwa karibu hivyo. Mama mtu akavuta kigoda, akayaangalia yale mapande ya bluu juu ya meza, akaingia ndani, akarudi na gauni la manjano, la zamani, lililokunjwa ndani ya mfuko.

"Kata hili. Litie mabegani, ubavuni pande zote mbili, na chini."

Fundi alilijua gauni lile kabla halijakunjuliwa. Lilikuwa la kwanza kumshonea, kabla hawajaoana.

"Hili hapana."

"Hili ndiyo. Halinitoshi tangu nimzae huyohuyo. Unajua ulilishona siku ngapi? Wiki tatu. Ulinipima mara tano! Nilikuwa namwambia dada yangu, yule fundi kijana ni kilaza, hata mabega hawezi kuyakumbuka."

"Niliyakumbuka tangu mara ya kwanza," fundi akasema, akiangalia sindano.

"Nilijua. Ndiyo maana nilikuwa narudi."

Mkewe alipoondoka, fundi alishika lile gauni la manjano mapajani akalipekua ndani. Mishono ilikuwa imenyooka kama mstari wa rula, na akiba ya upana wa vidole viwili kila upande. Huyu aliyeshona hapa, akawaza, alikuwa na haraka ya nini? Hakuwa nayo. Alitaka kazi isiishe.

Jioni akamwita binti. Hakumwuliza vipimo. Akampima, polepole, kuanzia begani. Urefu ulikuwa umeongezeka shubiri nzima. Kwenye kidole cha kati alikuwa na sugu ya kalamu. Nyuma ya sikio kulikuwa na kovu dogo ambalo fundi alilikumbuka likiwa kidonda. Akaandika kila kitu, na tarehe kubwa kuliko vipimo.

"Cherehani ya mkono inataka watu wawili kwenye kitambaa kirefu," akamwambia. "Mimi nishike nguo. Wewe uzungushe mpini, kama zamani."

Zamani ilikuwa binti akiwa na miaka mitano, akisimama juu ya kigoda. Sasa alikaa. Akaushika mpini akazungusha, na sindano ikaanza kutembea, tak, tak, tak, mwendo wa mtu anayetoka sokoni hana deni.

"Zungusha haraka kidogo, mama."

"Baba, unakimbizwa na nani?"

Fundi akageuka akatazama mlango. Hakukuwa na mtu. Basi akacheka, binti akacheka, na mshono ukapinda kidogo pale. Upo mpaka leo.

Kwa mwendo ule maneno yalipata nafasi ya kupita. Fundi akasikia kwamba binti ndiye aliyechaguliwa kusoma hotuba ya kuwaaga walimu. Miezi miwili ilikuwa imepita tangu achaguliwe.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ulisema, 'Vizuri, nipitishie mkasi.'"

Ijumaa binti alifanya mazoezi ya hotuba palepale kwenye mpini. Alishukuru walimu, akashukuru mpishi wa shule, akashukuru mlinzi wa geti aliyewafungulia walipochelewa. Alipofika kwenye wazazi akaruka mstari.

"Hapo umepita juu kwa juu," fundi akasema.

"Hapo bado napaandika."

Fundi akairudia nguo yake kama mwanafunzi anayengoja matokeo. Alishona pindo la mwisho kwa mkono, mishono midogo ambayo hakuna mtu angeiona. Akapiga pasi. Binti akaingia nyuma ya pazia, zipu ikapanda mpaka juu bila kubembelezwa, akatoka. Bluu katikati, manjano mabegani, ubavuni na chini. Lilikaa kama lilikuwa likimngoja.

"Ni zuri, baba," akasema. Maneno yaleyale ya Jumatano, lakini sasa alikuwa anazunguka. Akasimama. "Kesho una kazi?"

"Mota inaumwa," fundi akasema. Kisha akajirekebisha, maana mtoto hakustahili kupewa nafasi iliyoachwa na mota. "Hata ingekuwa nzima, mama, nakuja."

Jumamosi ukumbi wa shule ulijaa mpaka madirishani. Fundi alikaa safu ya tatu, mkewe kulia, kinyozi kushoto, aliyejialika mwenyewe na kukosoa vichwa vya watu wote waliokaa mbele. Wateja wawili walimwona fundi wakaanza kumsogelea na mambo ya kola na zipu. Akawainulia kidole, nyamazeni.

Binti akapanda jukwaani. Walimu, mpishi, mlinzi wa geti. Akafika pale. Akainua macho kutoka kwenye karatasi.

"Namshukuru mama aliyenitafutia kitambaa hiki cha bluu. Na namshukuru baba yangu, fundi mwepesi kuliko wote mtaani, kwa kukikata vibaya. Angekipatia, tusingekaa pamoja siku mbili."

Ukumbi ukaangua kicheko. Kinyozi alipiga makofi mpaka akaambiwa akae. Fundi naye alicheka, kisha akatoa leso akasema vumbi la ukumbi ule ni baya sana, na mkewe, ambaye hakuona vumbi lolote, akamwachia leso yake pia.

Hawakukimbia kurudi. Walitembea wote wanne, viatu mkononi kwa aliyebanwa na viatu, na kila aliyekutana nao alisimamishwa kuonyeshwa gauni, mbele, nyuma na ubavuni, akipenda asipende.

Jumatatu asubuhi fundi wa mota akapiga simu.

"Bosi, imepona! Nakuletea sasa hivi, najua una haraka."

Fundi Chapchap alikuwa ameketi mlangoni na kikombe cha chai, akiipuliza. Mkewe alikuwa anamsimulia jambo, na jambo lenyewe lilikuwa bado katikati.

"Lete kesho," akasema.

Upande wa pili mtu akaigonga simu yake mara mbili.

"Samahani," fundi wa mota akasema hatimaye, "nadhani nimekosea namba."