Saa Mbili kwenye Ubao Mmoja

Mshonaji aliiweka saa yake ya ukutani mezani pangu kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

"Fundi, hii ni mara ya tatu. Hapa kwako inakwenda kama askari. Kwangu mwezi hauishi imechelewa robo saa. Au imekupenda wewe?"

"Saa haina mapenzi, mama. Ina magurudumu."

Nilimjibu hivyo kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Nilisomeshwa na walimu wa kengele na fimbo, nikafunzwa ufundi na baba aliyeshikilia kwamba kila kilichonyooka duniani kimenyooshwa na mkono wa mtu. Mungu mwenyewe nilimwona kama fundi mkuu mwenye ufunguo mfukoni, apitaye kila alfajiri kuzijaza nyota.

Niliitundika saa yake pale nilipoitundika mara mbili za kwanza: kwenye ubao mwembamba nyuma ya meza, ubavuni mwa saa yangu, ile niliyopimia nyingine zote. Timazi yake, kile kipande cha shaba kinachobembea, niliisukuma kwa kidole, nikaenda zangu. Asubuhi ya pili saa zote mbili zilikuwa sawa, sekunde kwa sekunde. Nikakunja uso. Mgonjwa gani huyu anayepona kila amwonapo tabibu?

Lakini juma lile akili yangu haikuwa kwenye saa. Wajukuu wangu mapacha walikuwa na umri wa miaka kumi, na tangu binti yangu, mama yao, afariki, walikuwa mikononi mwetu, mimi na bibi yao. Mmoja nilimwita Mshale, kwa wepesi wake. Mwenziwe nilimwita Konokono, na leo ninapoliandika jina hilo kalamu inaniuma. Mwalimu mkuu alikuwa ameniita ofisini: huyu wa polepole anamwegemea dada yake, apelekwe shule ya bweni, mbali, ajifunze kusimama kwa miguu yake. Nilitia saini bila hata kuketi. Safari ilikuwa Jumatatu. Sanduku la bati lilikwisha kupakwa rangi, na bibi yao hakuwa akisema nami ila kwa kelele za sufuria.

Ijumaa Konokono aliketi sakafuni dukani, kidevu magotini, akizitazama saa zile mbili kwa muda mrefu.

"Babu, mbona zinapokezana?"

"Zinapokezana nini?"

"Timazi ya hii ikienda kulia, ya mwenzake inakwenda kushoto. Kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Hawagongani."

"Sadfa tu. Soma kitabu chako."

Hakusoma. Alisimama, akaishika timazi ya saa ya mshonaji, akaiachia upya, ovyo. Kinywa changu kilikuwa wazi tayari kukaripia, ila macho yalinitangulia. Timazi zilipishana vibaya, zikasitasita kama wageni mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenziwe atangulie. Haikupita nusu saa zilikuwa zikipokezana tena, kwa adabu, na hakuna aliyezigusa.

Nilizivuruga mwenyewe mara tatu. Mara tatu zilirudi.

Ndipo nilipouwekea ubao kiganja. Ulikuwamo mtetemo mdogo mno, kama mshipa wa shingoni mwa ndege. Saa zile zilikuwa zikisikizana kupitia mti! Ile ya mshonaji haikuwa imepona hata siku moja. Ilikuwa ikienda na mwenziwe. Tena nikakumbuka jambo lililonitahayarisha zaidi. Kila mara hizo mbili zilipokaa pamoja, saa yangu, hakimu wa saa zote, ilipungua sekunde kadhaa kwa siku nilipoilinganisha na redio. Nililaumu unyevu. Kumbe nayo ilikuwa ikisogea. Hakuna iliyoiburuza nyingine. Zilikuwa zimekutana njiani.

Niliacha kiganja pale pale ubaoni. Sikuwa mtu wa kulia dukani, na sikulia. Lakini sala niliyoisali pale ilikuwa mpya kinywani mwangu: sikumshukuru Mola kwa kuushika ufunguo, nilimshukuru kwa kuviumba vitu vikiwa na sikio.

Jioni niliwatazama mapacha wakifanya hesabu zao. Mshale alikuwa amekwisha kujaza ukurasa.

"Kwa nini hapa unagawanya?" Konokono aliuliza.

"Kwa sababu ndivyo."

"Ndivyo kwa nini?"

"Wewe, utanizeesha kabla sijaolewa!"

Hata hivyo Mshale alianza kumweleza. Katikati ya maelezo akanyamaza, akauma penseli, akachukua kifutio, akafuta jibu lake mwenyewe. Kifutio kile nilikwisha kukiona mara nyingi. Hadi jioni ile nilidhani ni uzito wa mmoja unaomwambukiza mwingine.

Jumatatu asubuhi, badala ya kwenda kituo cha basi, nilikwenda kwa mwalimu mkuu.

"Mzee, si wewe uliyeniambia neno lako ni msumari?"

"Msumari hung'olewa, Mwalimu. Nimekuja na koleo."

Alicheka, kisha uso wake ukatulia. "Ukiwaacha pamoja, hutajua kamwe kasoro yake iko wapi."

"Kweli kabisa. Nina saa ya mteja niliyoitenga na mwenzake juzi. Kasoro nikaiona, nikaitengeneza. Lakini ile itatundikwa peke yake ukutani. Mjukuu wangu, nani amesema ataishi peke yake?"

Alifungua jalada, akaitoa karatasi yenye saini yangu, akanisogezea niichane mwenyewe.

Leo Mshale anajenga madaraja, na dada yake huyakagua kabla mtu hajapita. Nayasema haya kwa majivuno, na asiyependa na azibe masikio. Lakini asubuhi ile sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba, niliporudi nyumbani, bibi yao aliyasoma matokeo ya safari yangu usoni mwangu, akalifungua sanduku bila kuuliza.

"Haya, mke mwenzangu," alimwambia mtoto, "zirudishe nguo zako kabatini. Mume wetu amepata akili."

Mtoto hakuzigusa nguo. Alinijia, akasimama mbele yangu.

"Babu, kwa nini sisafiri?"

"Kwa sababu nimesema."

"Umesema kwa nini?"

Duka lilikuwa bado limefungwa, na wateja wananingoja barazani. Nilivuta kiti, nikaketi.